Soko la Vimeo: Somo la Kununua Saa Kuukuu Mtandaoni

Mwanachuo mwenzangu, kila msimu wa mazoezi ya kufundisha unapokaribia, sisi wa ualimu huanza kuhangaikia vitu vidogo vidogo: viatu vya heshima, suruali ya kitambaa au sketi ndefu, daftari la maandalio ya somo, na saa ya mkononi. Kipindi kimoja cha sekondari ni dakika 40. Msimamizi kutoka chuoni amekaa dawati la nyuma na karatasi yake ya alama. Ukitoa simu mfukoni kuangalia muda, darasa zima linaona mwalimu kashika simu, na hapo umeshapoteza nusu ya mamlaka yako. Ndiyo maana karibu kila anayekwenda fildi anatafuta saa.

Kwa matumizi ya darasani, saa mpya ya betri ya bei ndogo inatosha kabisa. Hilo niliseme mapema ili tusidanganyane. Lakini wengi wetu hatutaki saa ya kutosha tu. Tunataka zile za zamani zisizotumia betri, zile tulizoziona kwenye mikono ya wazee, na mahali rahisi pa kuzipata siku hizi ni kwenye kurasa za wauzaji mtandaoni. Hapo ndipo watu wanapopigwa.

Hoja ya makala haya ni moja. Kununua kitu kilichotumika kutoka kwa mtu usiyemwona ni dau, lakini ukubwa wa dau hilo unaamuliwa kabla hela haijatoka. Unaamuliwa na aina ya ushahidi unaoomba: ushahidi ambao mkweli atautoa bila jasho, na mwongo hawezi kuutoa bila kugharamika. Nitatumia saa kama mfano kwa sababu niliinunua kwa njia hiyo, ila somo ni lilelile kwa simu, kwa kompyuta ya mpakato, na hata kwa godoro la kurithi kutoka kwa anayehitimu.

Tuanze na saa yenyewe

Saa ninayoizungumzia ni Seiko 5. Ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1963. Ile tano ni mambo matano ambayo kiwanda kiliahidi: inajijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, inaonyesha siku na tarehe kwenye kidirisha kimoja, inahimili maji, kitufe chake cha pembeni kimejificha kwenye alama ya nne badala ya tatu, na bodi na mkanda wake ni imara. Ilikuwa saa ya mtu wa kipato cha kawaida. Utakutana na nyingine ambazo siku zimeandikwa Kiarabu sambamba na Kiingereza, kwa kuwa kiwanda kilikuwa na toleo la masoko ya nchi za Kiarabu. Ukiona saa ya namna hiyo Morogoro, ujue huenda ilipitia Ghuba kabla ya kufika kwako.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Matombo, na alivaa Seiko 5. Alipofariki, saa ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Nalitaja hili kwa sababu linahusu somo. Matamanio ni sehemu ya bei. Muuzaji akishajua kwamba unaitaka saa kwa sababu ya babu yako, hana haja tena ya kukupunguzia. Ukiingia inboksi ya mtu, ya babu yaache nyumbani.

Kwa nini soko hili linazaa vimeo

Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa kabla. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, wote watatu kwa kazi zao kuhusu masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Stiglitz, kwa taarifa yako, katika ujana wake alifanya utafiti kwa muda pale Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa hiyo mawazo haya hayako mbali na kwetu kama yanavyoonekana.

Wamarekani gari bovu lililofichwa ubovu huliita limau. Sisi tuna neno bora zaidi: kimeo. Hoja ya Akerlof kwa Kiswahili cha mtaani ni hii: pale ambapo mnunuzi hawezi kutofautisha kitu kizima na kimeo, vimeo hufukuza vizima sokoni.

Tuifanyie hesabu. Uwezekano ni mada ya kidato cha nne, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kukimbia. Tuchukue kwamba Seiko 5 ya zamani iliyo nzima ina thamani ya Sh 120,000, na iliyokufa inauzika Sh 20,000 kama vipuri. Tuchukue pia kwamba nusu ya saa zilizoko mtandaoni ni nzima na nusu ni vimeo, na wewe huwezi kuzitofautisha. Thamani unayoitarajia ni nusu ya 120,000 jumlisha nusu ya 20,000, yaani Sh 70,000. Mnunuzi mwenye akili hatatoa zaidi ya hapo.

Sasa hamia upande wa pili. Mwenye saa nzima anajua anacho kitu cha 120,000. Ukimpa 70,000 anacheka, anaivaa na kuondoka zake. Mwenye kimeo ukimpa 70,000 anakuuliza utume lini. Wenye saa nzima wakishaondoka, wanaobaki ni wenye vimeo, na ile nusu kwa nusu uliyoanza nayo haipo tena. Kwa hiyo bei ya 70,000 iliyoandikwa "orijino, ya mzee, bei chee" imeshakupa habari: inakueleza ni nani amekubali kubaki sokoni kwa bei hiyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitungwa katika dunia ambayo mnunuzi anakishika kitu. Sokoni Chifu Kingalu unaibonyeza parachichi, unalinusa nanasi, unaligonga tikiti. Mtandaoni kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, kwa picha zilezile na maneno yaleyale. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila gunia lenyewe limepigwa picha vizuri.

Na usidhani anayejua zaidi siku zote ni muuzaji. Sisi wa karibu na Uluguru tunaijua hali hii ikiwa imegeuka, na jina lake ni lumbesa. Mkulima wa viazi wa Nyandira anauza kwa gunia. Gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu hadi linapita kilo 100 zinazoruhusiwa. Mnunuzi anayekwenda nalo Dar anajua litatoa kilo ngapi kwa rejareja. Mkulima analipwa gunia moja. Hapo mwenye habari ni mnunuzi, na anayepigwa ni muuzaji. Dawa inayohimizwa na Wakala wa Vipimo ni mizani. Mizani haimgeuzi mtu kuwa mwema. Inachofanya ni kuweka ushahidi ambao pande zote mbili zinauona na hakuna anayeweza kuubishia.

Kwa hiyo swali letu ni hili: mizani ya saa ya mtandaoni ni ipi?

Mizani ya kwanza: saa nane kasoro dakika saba

Angalia matangazo ya saa. Karibu zote mishale imetegwa kwenye kumi na mbili, yaani kwetu saa nne na dakika kumi. Wapiga picha wa matangazo wanapenda mkao huo kwa sababu mishale inakuwa kama tabasamu na jina la kampuni linabaki wazi katikati. Picha ya namna hiyo inaweza kuwa imetoka popote duniani.

Mwombe muuzaji aitege saa kwenye muda wa ajabu uliouchagua wewe. Mimi niliomba saa nane kasoro dakika saba, na chini ya saa kiwekwe kikaratasi chenye jina langu la kwanza na tarehe ya siku hiyo. Mwenye saa mkononi inamchukua dakika mbili. Asiye na saa, aliyechukua picha kwenye ukurasa wa mtu mwingine, ana kazi kubwa mbele yake. Huo ndio ushahidi ninaouzungumzia: kwa mkweli ni rahisi, kwa mwongo ni mgumu.

Niliwaomba wauzaji watatu. Wa kwanza alikuwa anauza 70,000, akaniambia wateja ni wengi hana muda wa maigizo. Wa pili, wa 60,000, alinitumia picha nyingine nzuri zaidi, mishale ikiwa palepale kwenye kumi na mbili. Wa tatu alikuwa anauza 110,000. Baada ya nusu saa picha ikaja: saa nane kasoro saba, kikaratasi, na kidole gumba chenye alama ya rangi ya ukutani. Hao wawili wa mwanzo sina ushahidi kwamba ni matapeli. Walichokataa ni kunipa njia ya kuwatofautisha na matapeli, na kwa hela yangu hiyo inatosha.

Mizani ya pili: video mbili na siku moja katikati

Saa hizi zina springi ndani, na gurudumu dogo linalokwenda huku na huku. Kwa mashine nyingi za Seiko za aina hii gurudumu hilo linapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kila sekunde. Likichoka, likiwa kavu au likiwa na uchafu, mapigo yanayumba na saa inakimbia au inachelewa.

Omba video fupi ya saa ikiwa pembeni ya simu inayoonyesha muda na sekunde. Baada ya saa 24, omba nyingine, bila muuzaji kugusa mishale. Siku moja ina sekunde 86,400. Saa yangu ilikimbia sekunde 25, yaani takriban sehemu 3 katika kila 10,000. Kwa mashine ya umri huo hiyo ni afya nzuri. Usiilinganishe na saa ya betri. Tangu Seiko walipoitoa Astron mjini Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa, saa za springi zimeshindwa mbio hizo moja kwa moja. Ukitaka usahihi wa sekunde, chukua ya betri. Unachokipima hapa ni kama mashine iko hai na inatembea kwa utulivu.

Anayeuza saa iliyokufa hawezi kuipita mizani hii. Anayeuza saa inayosimama baada ya saa tatu naye hawezi. Ni siku moja tu ya kusubiri, na subira yenyewe inakusaidia, kwa sababu muuzaji anayesema "lipia leo, kesho haipo" anajaribu kukuondolea hiyo siku moja.

Mizani ya tatu: mgongo wa saa

Seiko wana tabia nzuri ya kuandika. Mgongoni mwa saa kuna namba mbili. Ya kwanza ina tarakimu nne, kistari, kisha nne nyingine. Zile nne za mwanzo ni aina ya mashine iliyo ndani. Namba ya pili ndiyo ya kiwandani: tarakimu yake ya kwanza ni mwisho wa mwaka iliyotengenezwa, na alama ya pili ni mwezi, 1 hadi 9, halafu 0 kwa Oktoba, N kwa Novemba, na D kwa Desemba.

Yule muuzaji wa kwanza alikuwa ameandika kwamba saa yake ni ya mwaka 1975. Kwenye picha ya mgongo aliyokuwa ameiweka mwenyewe, mashine ilisomeka 7S26. Mashine ya 7S26 ilitoka mwaka 1996. Haihitaji fundi wala hela, inahitaji kusoma tu. Sisemi saa ya 7S26 ni mbaya, ni mashine ya kazi kabisa. Ila kama mtu amekosea miaka ishirini kwenye jambo linaloonekana, utamwamini vipi kwenye yasiyoonekana?

Ya yule wa tatu ilikuwa 7009, na namba ya kiwandani ilianza na 8N. Hiyo ni Novemba ya mwaka unaoishia na nane. Inaweza kuwa 1978, inaweza kuwa 1988. Mgongo peke yake hauamui muongo. Nilipomuuliza, alijibu kwamba hajui, aliipata kwa mjomba wake. Muuzaji anayesema hajui jambo ambalo kweli ni gumu kulijua, mwongezee alama.

Tahadhari moja kwa wapenda vya kale zaidi. Saa za kabla ya miaka ya 1960 ambazo mishale yake ilikuwa inang'aa gizani, nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu. Mng'ao hufa baada ya miaka michache, lakini radiamu huchukua kama miaka 1,600 kupungua nusu tu. Kuivaa ikiwa imefungwa ni jambo moja, kuifungua na kukwangua mishale yake chumbani hosteli ni jambo lingine. Usifanye.

Mizani ya nne: kwenda mwenyewe

Muuzaji wangu alikuwa Dar. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar bila kuungua jua Chalinze, na nauli ya daraja la kawaida ni Sh 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000, bado hujala. Je, inafaa kwenda kuiona?

Jibu liko kwenye hesabu, tuache ujasiri pembeni. Kama saa ni ya 95,000, kutumia 26,000 kuiona ni kuongeza zaidi ya robo ya bei. Kama ni kompyuta ya mpakato ya 700,000, hiyo 26,000 haifiki hata asilimia 4, na kinachoweza kupotea ni mkopo wa muhula mzima. Kwa saa, baki Moro na uombe video. Kwa kompyuta, panda treni. Ukiwa na ndugu Kariakoo mwenye macho na subira, muazime macho yake. Hiyo ni nauli ambayo imeshalipwa.

Hapa niseme na kuhusu bumu. Posho ya mkopo ya chakula na malazi kwa sasa ni Sh 10,000 kwa siku. Saa ya 95,000 ni siku tisa na nusu za kuishi. Mimi sikugusa bumu. Nilifundisha tuisheni ya hesabu kwa watoto wa kidato cha pili mtaani Kihonda na kuweka pembeni kidogo kidogo. Kanuni niliyoifuata ni ya wazi: dau liwe ni hela ambayo ikipotea yote, kesho yake bado unakula na bado unaingia darasani. Kama haikidhi hilo, hata muuzaji awe malaika, usinunue.

Hela: kamba yenye ncha mbili

Kila mtu ameshawahi kupokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaicheka, lakini inakamata watu kwa sababu inamkuta mtu akiwa kweli anasubiri kutuma hela. Kwa hiyo unapolipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa tofauti na jina la muuzaji, simama hapo hapo, uliza, na usikubali jibu la "hiyo ni laini ya shemeji".

Pili, gawa malipo. Nilikubaliana na muuzaji 95,000: 50,000 kabla ya kutuma, 45,000 baada ya fundi kuifungua saa mbele yangu. Ukilipa yote kabla, ncha zote za kamba anazo yeye. Ukitaka alipwe yote baada, unamwomba yeye abebe hatari yote, na mkweli naye ana haki ya kukuogopa. Kila mmoja ashike ncha yake. Na angalia kwamba hata kukubali tu mpango huo ni ushahidi. Mwenye kimeo hawezi kukubali nusu ya malipo isubiri fundi.

Tatu, andikeni. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua meseji na mazungumzo ya mtandaoni kama ushahidi. Maana yake ni kwamba "inafanya kazi, mashine ni yake" ikiwa imeandikwa ina uzito, ila ikiwa ni sauti ya simu imepotea na upepo. Usifute mazungumzo. Najua hakuna atakayekwenda mahakamani kwa saa ya 95,000, lakini mtu akiandika kwa mkono wake huwa anapima maneno.

Fundi alikuta nini

Mzigo ulikuja na basi, nikauchukua Msamvu kwa Sh 5,000. Fundi saa mmoja wa mjini, mzee anayekaa barazani na kioo chake cha jichoni, aliifungua huku nikitazama.

"Mashine ni yake," aliniambia. "Ila uso huu si wake, mwanangu. Umepakwa upya."

Akanionyesha kingo za herufi, zilivyokuwa nene kuliko kawaida. Uso uliopakwa upya ni biashara kubwa kwenye saa kuukuu. Wanaofuatilia saa za India wanalijua hili vizuri: kiwanda cha serikali cha HMT kilianza kutengeneza saa mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani, serikali ikaamua kukifunga mwaka 2016, na leo saa zake kuukuu zinauzwa mtandaoni duniani kote, nyingi zikiwa mashine za zamani zilizovalishwa nyuso mpya za rangi kali. Zangu tatu za kwanza, picha, video na mgongo, hazikuweza kulikamata hilo. Mpira wa kuzuia maji nao ulikuwa umekauka, kwa hiyo ahadi ya kiwanda kuhusu maji ilikuwa imeshakufa siku nyingi.

Nilimwandikia muuzaji na kumtumia picha za fundi. Alisema hakujua kama uso ulipakwa, na kwa namna alivyokuwa amejibu mengine niliona inawezekana ni kweli. Tukakubaliana apunguze 10,000 kwenye ile 45,000 iliyobaki. Mazungumzo hayo yalichukua dakika kumi, kwa sababu hela ilikuwa bado iko kwangu na saa ilikuwa bado inaweza kurudi kwake. Fikiria mazungumzo hayohayo kama ningekuwa nimelipa yote.

Jumla: 85,000 kwa muuzaji, 5,000 mzigo, 15,000 fundi kusafisha, kutia mafuta na kuweka mpira mpya. Sh 105,000. Kwa mkusanyaji wa saa, uso uliopakwa ni doa linaloshusha thamani. Kwa mwalimu anayekwenda shule ya huko juu Mgeta, ambako ukungu wa asubuhi unaingia hadi darasani, ni saa inayosomeka vizuri kutoka mbele ya ubao.

Rudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Bila ushahidi, nafasi ya kupata nzima ilikuwa nusu, na thamani ya kutarajia 70,000. Tuseme ushahidi unaipandisha nafasi hiyo hadi nne ya tano. Nne ya tano ya 120,000 ni 96,000, na moja ya tano ya 20,000 ni 4,000. Jumla 100,000. Ushahidi uliogharimu kikaratasi, video mbili na siku moja umeongeza 30,000 kwenye thamani ya kitu kilekile. Na ongezeko hilo si la mnunuzi peke yake. Kwa 70,000 muuzaji mkweli asingeuza kabisa. Kwa 95,000 aliuza. Ndiyo maana usione aibu kuomba picha ya tatu na ya nne. Mkweli anakuhitaji uombe, kwa sababu bila hivyo hana namna ya kujitenga na waongo.

Maswali ya kujadili hosteli

1. Rudia hesabu ya soko ukichukua kwamba robo tu ya saa ni nzima. Thamani ya kutarajia ni ngapi, na ni muuzaji gani atabaki sokoni kwa bei hiyo?

2. Unataka kununua simu iliyotumika kutoka kwa mtu wa Mwanza. Taja ushahidi mitatu ambao kwa mkweli ni rahisi na kwa mwongo ni mgumu. Picha ya boksi ni mmojawapo? Kwa nini?

3. Mkulima wa Nyandira hana mizani na mnunuzi amekuja na gari. Nani kati yao anayefaidika mizani ikiletwa kijijini, na nani atakayeichelewesha?

4. Wewe ndiye muuzaji. Unahitimu mwaka huu na una kompyuta nzima kabisa ya kuuza kwa mwaka wa kwanza asiyekujua. Utamthibitishiaje kwamba si kimeo, bila kumwambia "niamini"?